Programu Haitoi Moshi, Lakini Inakula Umeme

Najua nimeadimika. Vikao vya bajeti vimenibana, na mhariri wangu si mtu wa kuelewa udhuru. Leo nimepata upenyo, nikasema siasa ikae pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kitu ambacho sote tunakitumia kutwa kucha. Hakishikiki, hakinuki, hakina rangi, lakini kinamaliza uniti za LUKU na kinajaza majalala. Nazungumzia programu za kompyuta.

Tukisikia uchafuzi wa mazingira, akili zetu hukimbilia kwenye moshi wa daladala, mkaa, mifuko ya plastiki na mabomba ya viwanda yanayomwaga maji machafu mtoni. Programu haimo kwenye orodha. Si ni maandishi tu? Mtu ameketi mahali, ameandika amri, kompyuta inazitii. Sasa maandishi yatachafuaje hewa?

Ndugu zangu, swali hilo lina historia ndefu kuliko wengi tunavyodhani, na ni historia ya watu kusahau. Zamani kila aliyegusa kompyuta alijua gharama ya kila amri anayoiandika. Kadiri mashine zilivyozidi kuwa nafuu, wanaoandika wakasahau. Gharama yenyewe haikufutika. Ilihama tu kutoka kwa anayeandika kwenda kwa anayetumia, na kutoka kwa anayetumia kwenda kwa yule kijana anayesukuma mkokoteni wa vyuma chakavu.

Tuanze mwanzo. Februari 1946, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani kilionyesha hadharani mashine iitwayo ENIAC. Ilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na ndani yake kulikuwa na vifaa vya kioo vinavyofanana na balbu, karibu 18,000. Ilikula kilowati 150 hivi. Kwa lugha yetu ya LUKU, hiyo ni uniti 150 kila saa inayopita! Kuibadilishia kazi ilikuwa shughuli ya siku kadhaa, na walioifanya kwa mara ya kwanza ni wanawake sita, kwa kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza maelfu ya swichi. Programu ilikuwa kitu cha mkono na jasho. Chumba chenyewe kilikuwa na joto la ajabu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba hesabu zinakula umeme.

Ruka sasa hadi Julai 1969, Wamarekani wanatua mwezini. Kompyuta iliyowaongoza ilikuwa na kumbukumbu ya kuandika na kufuta isiyozidi kilobaiti 4, na kumbukumbu ya kudumu ya kilobaiti 72 hivi. Picha moja tu uliyotumiwa leo WhatsApp inaweza kuwa nzito kuliko hiyo yote. Mashine ile ilikula wati 55 hivi, pungufu ya balbu moja ya zamani ya wati 60. Programu zake ziliandikwa maabara ya MIT na kikosi kilichoongozwa na Margaret Hamilton, halafu zikapelekwa kiwandani Waltham, Massachusetts, ambako wanawake walizisuka kwa mkono. Nasema zilisukwa nikiwa na maana ya kusukwa kweli: waya wa shaba ukipita ndani ya kipete cha sumaku ni moja, ukipita nje ni sifuri. Kila amri ya ziada ilikuwa na maana ya waya wa ziada, gramu za ziada, na siku za ziada za kazi. Programu ilikuwa na uzito unaopimika kwenye mizani.

Watu waliofunzwa katika mazingira yale walikuwa na adabu fulani. Hawakuandika ovyo. Hawakuwa watakatifu kuliko vijana wa leo. Mashine yenyewe ndiyo iliyowabana.

Halafu mashine ikaacha kubana. Mwaka 1965 Gordon Moore, ambaye baadaye alishiriki kuanzisha kampuni ya Intel, aliandika makala fupi akisema kwamba idadi ya vipande vinavyoweza kuwekwa kwenye kijisahani kimoja cha silikoni inaongezeka maradufu kila mwaka. Mwaka 1975 alirekebisha, akasema kila baada ya miaka miwili. Utabiri ule ulishika kwa miongo mingi, na ndio uliotuletea kompyuta za mezani, laptopu na simu za mkononi. Ni neema kubwa, silipingi hilo. Lakini neema ina tabia yake. Mtu akijua mshahara utapanda kila mwaka, haulizi tena bei ya kitu.

Mtu wa kwanza kupiga kelele kwa sauti iliyosikika mbali alikuwa mzee mmoja wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya Pascal ambayo kizazi cha wazazi wetu kilifundishwa vyuoni. Februari 1995 alichapisha makala ya kuomba programu nyembamba. Alikumbusha kwamba miaka 25 hivi kabla ya hapo, programu ya kuhariri maandishi iliweza kutosha kwenye baiti 8,000, na kwamba vizazi vyake vya sasa vinadai megabaiti, bila kuwa na kasi inayolingana na ukubwa huo. Akamnukuu mwenzake Martin Reiser kwa wazo ambalo siku hizi linaitwa Kanuni ya Wirth: programu zinazidi kuwa nzito haraka kuliko mashine zinavyozidi kuwa na kasi. Na Wirth hakuishia kulalamika. Yeye na Jürg Gutknecht walikuwa wameshajenga mfumo wao mzima, Oberon, kuonyesha kwamba inawezekana kufanya mengi kwa kidogo. Mzee huyu alifariki Januari 1, 2024. Kwa bahati mbaya utabiri wake ulibaki hai.

Huko kwenye biashara ya kompyuta kulikuwa na msemo wa utani: anachotoa Andy, Bill anakichukua. Andy ni Andy Grove wa Intel, aliyekuwa akituletea prosesa zenye kasi. Bill ni Bill Gates wa Microsoft, na programu zake zilikuwa zikiimeza kasi hiyo yote. Utani, ndiyo, lakini hebu tuangalie namba.

Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, ilidai kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache. Windows XP ya Oktoba 2001 ilidai 64. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 30, 2007, ilidai 512 ili iwake tu, na gigabaiti nzima ukitaka urembo wake. Windows 11 ya Oktoba 5, 2021 inadai gigabaiti 4. Kutoka megabaiti 4 hadi gigabaiti 4 ni mara elfu na zaidi, ndani ya miaka 26. Na sisi wengi tunafanya nini humo ndani? Tunaandika barua, tunasoma habari, tunajaza hesabu kwenye jedwali, tunatumiana salamu. Tuwe wakweli, mengi yameongezeka: usalama, picha, video, lugha nyingi. Lakini mara elfu?

Mtu atasema, sawa, programu ni nzito, mimi inanihusu nini na mazingira? Subiri, tunafika.

Kuna njia mbili ambazo programu inachafua. Ya kwanza ni umeme. Prosesa ya kisasa imeundwa kusinzia. Ikikosa kazi hata kwa sehemu ndogo ya sekunde, inajizima vipande vipande na ulaji wake wa umeme unashuka sana. Kinachoiamsha ni programu. Sasa fikiria mlinzi wa usiku ambaye kila akifumba macho mtu anagonga geti kuuliza, "Kuna mtu?" Hakuna. Dakika moja baadaye anagonga tena. Programu nyingi ndivyo zilivyokuwa zikifanya bila hata waandishi wao kujua.

Mwaka 2007 ndipo aibu hiyo ilipoonekana. Kabla ya hapo Linux ilikuwa na mapigo kama ya moyo, ikiiamsha prosesa mamia ya mara kwa sekunde, kuwe na kazi kusiwe na kazi. Aprili 2007 likatoka toleo lililoweza kuyanyamazisha mapigo hayo pale ambapo hakuna kazi. Mwezi uliofuata Intel ikatoa programu ndogo iitwayo PowerTOP, inayoorodhesha nani anaiamsha prosesa na mara ngapi. Watu wakaiendesha kwenye laptopu zao, wakashangaa. Programu za kuchati, vivinjari, hata vijiprogramu vya kuonyesha saa pembeni mwa kioo, vyote vilikuwa vinagonga geti. Ndani ya miezi michache makosa mengi yalirekebishwa, na watu wakapata muda zaidi wa betri bila kununua kitu chochote. Haba na haba hujaza kibaba, na kumbe pia humaliza kibaba.

Miaka hiyohiyo ya 2007 kulikuwa na mtindo wa kutumia Blackle, ukurasa mweusi wa kutafutia habari, kwa imani kwamba kioo cheusi kinaokoa umeme. Kwa vioo vile vya zamani vyenye kisogo kikubwa, kulikuwa na ukweli fulani. Kwa vioo bapa vya wakati ule, taa ya nyuma inawaka muda wote, uwe umeweka nyeusi au nyeupe. Kwa simu nyingi za leo zenye vioo vya OLED, ambavyo kila nukta inajiwashia taa yake, rangi nyeusi inaokoa tena. Tunajifunza nini? Kwamba nia njema bila kujua mashine inavyofanya kazi inaweza kuwa maombi tu.

Serikali nazo zilishaliona tatizo mapema. Mwaka 1992 Marekani ilianzisha alama ya Energy Star, ikianza na kompyuta na vioo vyake. Aprili 1993 Rais Clinton akasaini amri kwamba idara za serikali kuu zinunue kompyuta zenye alama hiyo. Serikali ile ilikuwa mteja mkubwa kuliko wote, kwa hiyo watengenezaji wakafuata haraka. Mashine zikawa na uwezo wa kulala. Lakini watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley walipopita maofisini usiku miaka ya mwanzo ya 2000, walikuta vioo vingi vimelala lakini kompyuta zenyewe nyingi ziko macho, zinaunguza umeme kwa ajili ya viti vitupu. Sehemu ya sababu ilikuwa programu. Katika Windows XP, programu yoyote iliweza kukataa kompyuta isilale. Vista, pamoja na uzito wake wote, iliondoa kura hiyo ya turufu, na hilo tuipe haki yake.

Piga hesabu ya kijijini kwako. Tuseme ofisi ina kompyuta 30, kila moja inakula wati 60 bila kazi, kuanzia saa 11 jioni hadi saa moja asubuhi. Hizo ni uniti 25 kila usiku, kwa kazi sifuri. Zidisha kwa wizara, halmashauri, mabenki na vyuo. Mwaka 2006 nchi hii iliingia kwenye mgawo mkali wa umeme baada ya ukame kupunguza maji kwenye mabwawa, Mtera likiwemo. Wananchi waliombwa wabane matumizi, wazime taa na pasi. Programu hazikutajwa.

Njia ya pili ndiyo kubwa zaidi, na ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walitoa kitabu kuhusu kompyuta na mazingira. Walikokotoa kwamba kutengeneza kompyuta moja ya mezani pamoja na kioo chake kulihitaji kilo 240 za mafuta ya kisukuku, kilo 22 za kemikali na kilo 1,500 za maji. Jumla karibu tani 1.8, uzito wa gari, kwa kitu unachokiweka mezani! Mmoja wao, Eric Williams, akaonyesha kwamba karibu asilimia 80 ya nishati yote ambayo kompyuta ya nyumbani inaitumia maishani mwake, inatumika kiwandani kabla hujaiwasha kwa mara ya kwanza.

Soma tena sentensi hiyo. Maana yake ni kwamba dhambi kubwa ya programu nzito si umeme inaokula. Dhambi kubwa ni kuiua mashine nzima ambayo bado ina pumzi. Ukiitumia kompyuta miaka minane badala ya minne, umeokoa mengi.

Na hapo ndipo Vista inaporudi. Mwaka 2006, kabla haijatoka, kompyuta ziliuzwa zikiwa na stika ya kusema zina uwezo wa kuiendesha. Nyingi ziliweza kuendesha toleo la chini tu, lisilo na ule urembo uliokuwa ukitangazwa. Kesi ikafunguliwa Seattle mwaka 2007, na mwaka 2008 barua pepe za ndani ya Microsoft zikawekwa hadharani. Mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyohiyo, Mike Nash, alilalamika kwamba amenunua laptopu ya dola 2,100 na sasa anaweza kuitumia kwa barua pepe tu. Uingereza, chama cha Kijani kilionya mapema 2007 kwamba mfumo huo utasababisha maelfu ya tani za mashine kutupwa. Watu wengi waliamua kubaki na XP yao, na pengine hiyo ndiyo iliyotuokoa.

XP nayo iliachwa bila msaada Aprili 8, 2014. Kisha ikaja zamu ya Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma Oktoba 14, 2025. Ukitaka kuhamia 11, mashine yako lazima iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, kwa upande wa Intel kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane. Mashine zilizotoka miaka michache tu kabla, zenye kumbukumbu ya kutosha na kasi ya kutosha, zimeachwa mlangoni. Desemba 2023 kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria kwamba kompyuta milioni 240 zingeweza kuishia kuwa taka kwa sababu hiyo. Hoja ya usalama ina uzito, siibezi. Lakini mashine haijaungua, haijavunjika. Kilichokwisha muda ni maandishi.

Mashine hizo zinaenda wapi? Wasomaji wangu wa Kariakoo mnajua. Nyingine zinafutwa vumbi, zinapitia Dubai, zinakuja kwetu kuitwa "used ya ulaya". Sina tatizo na mitumba. Kompyuta inayopata maisha ya pili ni neema kwa mwanafunzi na kwa mazingira pia. Tatizo ni ile inayokuja ikiwa maiti. Mwaka 2005 shirika la Basel Action Network lilichapisha ripoti kuhusu Lagos, Nigeria, likieleza makontena mamia yanayoingia kila mwezi yakiwa na vifaa ambavyo sehemu kubwa haikufaa kutengenezwa. Agbogbloshie kule Accra, Ghana, palipata umaarufu mbaya kwa vijana kuchoma nyaya ili wapate shaba. Na hii ni pamoja na kuwepo kwa Mkataba wa Basel wa 1989 na ule wa Bamako wa 1991, uliotungwa na Waafrika wenyewe kuzuia taka za sumu kuingia barani. Kwa mujibu wa ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Msidhani sisi ni watazamaji tu wa historia hii. Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta likaishia pabaya, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Leo tunaicheka marufuku ile, na kweli ilituchelewesha. Lakini nyuma yake kulikuwa na swali halali: kitu hiki kinatugharimu nini, na nani anafaidika? Tulipofungua milango tulilitupa swali pamoja na marufuku.

Na miaka ya baadaye tuliwahi kupata jibu zuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huru za ofisi kwa Kiswahili. Wengi waliuona kama mradi wa lugha. Mimi nauona pia kama mradi wa mazingira. Programu ambayo maandishi yake yako wazi haiwezi kuuawa na kampuni moja kwa tangazo moja. Ukitaka mashine ya zamani iendelee kufanya kazi, unaweza kuiendeleza wewe mwenyewe au jirani yako. Hadi leo kuna matoleo ya Linux yanayokimbia vizuri kwenye laptopu ambazo Windows 11 imezikataa.

Sasa nitende haki kwa upande wa pili, maana mwandishi anayeona upande mmoja ni mpiga debe. Programu pia zimeokoa umeme mwingi sana. Kati ya 2010 na 2018, kazi iliyofanywa na vituo vya data duniani iliongezeka kwa asilimia 550, lakini umeme wao uliongezeka kwa asilimia 6 tu, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2020. Sehemu ya siri ilikuwa programu zinazoigawa mashine moja ifanye kazi ya mashine nyingi, badala ya kila kazi kupewa kompyuta yake inayosinzia huku inakula.

Na mfano mkubwa kuliko yote ni wa sarafu za mtandaoni. Bitcoin, iliyoanza Januari 3, 2009, imeandikwa makusudi ili kompyuta zishindane kubahatisha namba, na anayeshinda ndiye anayeandika ukurasa unaofuata wa daftari. Wanaoshindwa wote wamechoma umeme wao bure. Makadirio ya Cambridge yanaonyesha inakula zaidi ya uniti bilioni 100 kwa mwaka. Jumlisha umeme wote unaozalishwa Tanzania na Kenya kwa mwaka mzima, hufiki hata nusu yake. Ethereum nayo ilikuwa ikitumia mchezo huohuo. Septemba 15, 2022 wakabadilisha programu. Badala ya kushindanisha mashine, mtu anaweka dhamana ya fedha na mfumo unachagua kwa bahati nasibu. Matumizi ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Hawakujenga bwawa, hawakufunga paneli za jua. Walibadilisha maandishi! Kama kuna mtu bado anauliza maandishi yatachafuaje hewa, jibu ndilo hilo.

Nakumbusha haya kwa sababu tuko kwenye wimbi jipya. Mwaka 2024 vituo vya data vilikula uniti bilioni 415, karibu asilimia 1.5 ya umeme wa dunia, na Shirika la Kimataifa la Nishati linatabiri zitafika bilioni 945 hivi mwaka 2030, akili bandia ikiwa msukumo mkuu. Ule uwiano mzuri wa miaka ya 2010 unaelekea kuvunjika.

Tufanye nini? Wajerumani wameonyesha njia moja. Alama yao ya Malaika wa Bluu, iliyoanza 1978 kwa bidhaa za kawaida, mwaka 2020 iliwekewa masharti ya programu. Moja ya masharti ni kwamba programu iweze kuendeshwa kwenye kompyuta yenye umri wa miaka mitano au zaidi. Mwaka 2022 Okular, programu huru ya kusomea nyaraka, ikawa ya kwanza kupewa alama hiyo. Sharti hilo halihitaji maabara wala mabilioni. Linahitaji mtu wa kulidai.

Na mdai mkubwa nchini kwetu ni serikali, kama ilivyokuwa kwa Marekani mwaka 1993. Kila wizara, kila halmashauri, kila chuo kinanunua au kutengenezewa mifumo. Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo, na kuweka viwango ni sehemu ya kazi yake. Sentensi moja kwenye zabuni ingetosha kuanzia: mfumo huu ufanye kazi kwenye kompyuta ya miaka mitano na kwenye simu ya bei ya chini. Mwandishi wa programu angelazimika kurudi kwenye adabu ya akina mama wa Waltham, waliojua kwamba kila neno lina waya wake.

Nanyi mnaosoma kompyuta pale Dar es Salaam na Dodoma, ambao ndio wengi wa wanaoniandikia hapa, hili ni lenu kuliko langu. Mimi naandika habari, kosa langu linafungia vitumbua kesho yake. Kosa lenu linaendeshwa kwenye mashine milioni moja, kila sekunde, na bili inakwenda kwa mtu asiyewajua. Anayeandika programu halipii umeme wake, wala hanunui kompyuta mpya kwa niaba ya shule ya sekondari yenye kompyuta kumi tu za msaada. Anayelipa ni shule hiyo.

Tafakarini. Maoni yenu nayasubiri hapo chini, hasa ya wale mtakaonipinga.